Inawaka kwa choki tu, na sasa inavuja: kabureta ya pikipiki ya magurudumu manne

*"Nina pikipiki ya magurudumu manne, silinda moja, injini ya mipigo minne, ya kabureta. Ilikaa bila kuwashwa kwa takribani miezi mitano, mafuta yakiwa ndani ya tangi. Sasa inawaka nikivuta choki tu. Nikirudisha choki inazima, hata injini ikiwa ya moto. Nikibonyeza mafuta ghafla inakohoa, wakati mwingine inapiga kishindo kupitia kwenye kabureta, lakini nikishavuka hapo inakwenda vizuri. Nilifungua bakuli la kabureta, nikapuliza hewa, nikapulizia dawa ya kusafishia, nikafunga. Haikubadilika. Nikakaza skrubu ya sailensa (ya mngurumo wa chini) mpaka ikawa haizimi, nikazungusha na ile skrubu ndogo ya pembeni bila kuhesabu. Tangu hapo petroli inadondoka kwenye mpira wa chini ya kabureta. Fundi mmoja anasema kabureta imekufa, ninunue mpya. Mwingine anasema niweke jeti kubwa zaidi. Nimfuate yupi?"*

Kwa sasa usimfuate yeyote kati yao. Umeeleza vizuri kiasi kwamba naweza kukuonyesha njia iliyoziba ndani ya kabureta hata kabla ya kuifungua. Kuvuja ni tatizo la pili, halikutokana na lile la kwanza. Limeingia wakati wa kufungua na kufunga. Kabureta yako ina kila dalili ya kuwa nzima.

Lakini kuna jambo la kufanya leo, kabla hujaiwasha tena. Funga koki ya mafuta, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Angalia kama oili imepanda juu ya alama, inuse, isugue kati ya vidole. Petroli ikizidi ndani ya bakuli la kabureta huwa na njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni mpira wa chini, ambao umeshauona. Ya pili huioni: inaingia kwenye njia ya hewa, inafika kwenye silinda, inapenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji na hailindi tena beringi wala kemshafti. Ukisikia harufu ya petroli pale, usiwashe injini hata kwa dakika moja. Rekebisha kuvuja kwanza, kisha mwaga oili yote na ubadilishe chujio lake.

Na kama stata imewahi kugonga ikakwama ghafla kana kwamba injini imeshikwa, usiilazimishe. Huenda silinda ina petroli ya majimaji, na majimaji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikisukumwa kwa nguvu dhidi yake, mkono wake unaweza kupinda. Toa plagi, weka waya wa plagi mbali na tundu na uugusishe kwenye chuma cha injini ili usirushe cheche hewani, halafu zungusha injini taratibu mpaka petroli yote itoke. Fanya hivyo nje, pasipo moto wa aina yoyote karibu.

Sasa tuje kwenye kabureta yenyewe. Watu wengi huamini kwamba injini inafyonza petroli kama mtu anavyofyonza soda kwa mrija. Si kosa kubwa, lakini ukiliona jambo kwa upande wa pili utaelewa mengi. Injini inavuta hewa. Hewa hiyo inapita kwenye koo la kabureta, mahali palipobanwa, na ikibanwa inaongeza kasi na kupunguza mgandamizo wake. Mwanafizikia wa Italia, Giovanni Battista Venturi, alilichunguza jambo hili mwishoni mwa karne ya 18, na koo hilo bado linaitwa kwa jina lake. Chini ya koo kuna bakuli lenye petroli, na juu ya petroli hiyo kuna hewa ya kawaida inayoingia kupitia mipira midogo ya kupumulia. Hewa hiyo ya nje ndiyo inayoisukuma petroli ipande kwenye jeti, yaani kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, na kuingia kwenye koo. Kwa hiyo kabureta inahitaji vitu viwili: tundu safi kwa petroli, na pumzi huru juu ya bakuli.

Nimeitaja pumzi kwa sababu pikipiki za magurudumu manne hupelekwa matopeni na majini. Mipira ya kupumulia ikizama au ikiziba kwa tope, au mdudu akajenga ndani yake wakati chombo kimekaa, petroli haipandi tena na injini inazima hata kama kabureta inang'aa kwa usafi. Ndiyo sababu kwenye pikipiki nyingi za aina hii mipira hiyo imepelekwa juu, karibu na usukani. Fundi akiitoa na kuirudisha ikining'inia chini, ameharibu kitu ambacho mwenye chombo atakigundua siku ya kuvuka kijito.

Ndani ya kabureta petroli haipiti njia moja. Kuna njia ya mngurumo wa chini, yaani sailensa, yenye jeti yake ndogo kupita zote. Kuna njia ya sindano ndefu inayopanda na kushuka kadiri unavyobonyeza mafuta. Kuna jeti kubwa inayotawala unapokuwa umebonyeza karibu mwisho kabisa. Halafu kuna njia ya choki. Kwenye nyingi ya kabureta hizi choki si kibati cha kuziba hewa kama wengi wanavyodhani. Ni tundu la pekee linaloongeza petroli kwa njia yake yenyewe, bila kupitia jeti ya sailensa.

Kinachoamua ni njia ipi inafanya kazi ni kiasi ulichobonyeza kile kidude cha dole gumba. Mwendo wa chombo hauamui kitu. Kuanzia kutobonyeza kabisa mpaka kama moja ya nane, jeti ya sailensa ndiyo mlezi. Baada ya hapo kizibo kinachopanda ndani ya koo kinaanza kuwa na usemi, kisha sindano inashika kuanzia robo hivi mpaka robo tatu, na jeti kubwa inamalizia. Njia hizi hukabidhiana taratibu, hazikatiki ghafla. Bandika kipande cha utepe kwenye mpini, chora alama za kufunga, robo, nusu na mwisho, kisha endesha na uangalie tatizo linatokea wapi. Nimewahi kuona watu wakibadilisha jeti kubwa mara tatu kwa tatizo lililokuwa kwenye moja ya nane ya kwanza. Utepe ule ungewaokolea kazi yote.

Sasa soma tena barua yako ukiwa na picha hiyo kichwani. Inawaka kwa choki: njia ya choki iko wazi na moto wa plagi upo. Inazima ukirudisha choki hata ikiwa ya moto: injini ya moto haihitaji choki, kwa hiyo ikiidai ujue kuna upungufu wa petroli, au hewa ya ziada, kwenye mngurumo wa chini. Inakohoa ukibonyeza ghafla: hewa imeingia kwa wingi mara moja na petroli imechelewa kuifuata. Ikishavuka hapo inakwenda vizuri: sindano na jeti kubwa ni salama, na mafuta yanayotoka kwenye tangi yanatosha. Vyote vinaelekeza kidole mahali pamoja, kwenye jeti ya sailensa na vijia vyake vidogo.

Kwa nini hiyo na si nyingine? Kwa sababu ya tundu lake. Kwenye kabureta nyingi za Keihin, kwa mfano, jeti ya sailensa iliyoandikwa 40 ina tundu la milimita 0.40, na zipo ndogo zaidi ya hiyo. Petroli iliyokaa hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi zinazowaka kirahisi, na zile nzito zinazobaki hugeuka kuwa utomvu, kisha kama vanishi. Tone moja la utomvu huo ambalo jeti kubwa isingelihisi linatosha kuziba tundu la milimita 0.40. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huongeza shida nyingine: ethanoli hunywa unyevu wa hewani, na ikishiba hujitenga pamoja na maji na kutuama chini, mahali ambapo mafuta huchotwa. Maji hayo huacha chumvi nyeupe na kutu ya kijani kwenye shaba, na hiyo haiyeyuki kwa dawa ya kupuliza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wako. Anayekushauri uongeze jeti anatibu njia ambayo umeshasema inafanya kazi, na akiweka jeti kubwa zaidi itaanza kuzama kwa mafuta mengi kwenye kasi huku sailensa ikibaki vilevile. Jeti hubadilishwa pale ambapo kitu kimebadilika kweli: bomba la moshi la aina nyingine, chujio la hewa lililo wazi zaidi, au kuhamia mahali pa juu sana ambapo hewa ni nyepesi na petroli inapaswa kupunguzwa. Pikipiki yako ilikuwa inakwenda vizuri miezi mitano iliyopita kwa jeti hizohizo. Haiwezekani ziwe zimekuwa ndogo kwa saizi. Iliyoziba ni ile ya sailensa tu. Suala la kabureta mpya nitalirudia baadaye, kwa sababu halina jibu la neno moja.

Na usafishaji wako? Ulifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya mara ya kwanza. Lakini kufungua bakuli na kupulizia dawa ndani kunasafisha bakuli tu. Jeti ya sailensa mara nyingi imejificha ndani ya shimo refu, na dawa hupita juu yake bila kuingia. Lazima itoke. Ukiitoa, inua kwenye mwanga na uchungulie. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga ya duara kamili, yenye kingo safi. Ukiona mwezi mchanga au giza, umempata mgonjwa wako.

Kabla hujafungua, safisha nje yote ili mchanga usiingie ndani, toa petroli ya zamani yote kwenye tangi, na kagua chujio dogo la koki. Tangi likiwa na kutu au matope, utasafisha kabureta leo na kuiziba tena wiki ijayo. Ondoa nguzo hasi ya betri. Vaa miwani, maana dawa ya kabureta ikirudi kwenye jicho kupitia tundu ambalo hukulitarajia, ni safari ya hospitali.

Skrubu za bakuli kwenye kabureta za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini hazilingani nazo sawasawa, na bisibisi ya kawaida huzinyonyoa vichwa. Tumia inayojaa kwenye kichwa, bonyeza kwa nguvu, zungusha taratibu. Kipini cha boya, kile kielea kinachodhibiti kimo cha petroli ndani ya bakuli, ukitoe kwa uangalifu mkubwa. Vile viguzo viwili vinavyokishika huvunjika kirahisi, na kimoja kikivunjika ndipo utakapohitaji kweli kabureta nyingine.

Kisha skrubu ndogo ya pembeni. Kabla ya kuitoa, ikaze ndani polepole mpaka iguse tu, ukihesabu mizunguko, na uandike. Najua umeshaizungusha bila kuhesabu, lakini hata hiyo namba itakuambia ulikoiacha. Usiibane kwa nguvu. Ncha yake ni nyembamba, na ikibanwa inavimbisha au kupasua kitundu kinachotoa mafuta kwenye koo, na hilo halitengenezeki. Ukiitoa, nyuma yake kuna springi, washa ndogo na oringi ndogo kuliko zote. Oringi hubaki shimoni mara nyingi. Itoe kwa waya wenye ncha iliyopinda kidogo, kwa sababu dawa ya kusafishia itaivimbisha, na ikivimba au ikipotea hewa hupenya pale na sailensa haitatulia kamwe.

Kama kabureta yako ni ya aina yenye utando mpana wa mpira juu, utoe nao uweke mbali na dawa. Unyooshe taratibu mbele ya mwanga ukitafuta tundu dogo kama la sindano. Utando uliotoboka hauleti ugonjwa wako wa sailensa. Unaleta uzito wa kupanda kasi. Lakini ukiwa umefungua hapo, ni kosa kutoutazama.

Jeti na mwili wa kabureta vikiwa vitupu bila mpira wowote, loweka kwenye dawa ya kusafishia, kisha pitisha dawa na hewa yenye nguvu kwenye kila kijia, ukiangalia inatokea wapi. Hili ndilo la maana kuliko yote. Ukipulizia kwenye shimo la jeti ya sailensa, dawa inapaswa kutoka kwenye vitundu vidogo vilivyo kwenye koo, karibu na mahali kizibo kinapokaa, na pia kwenye shimo la ile skrubu. Ziba kimoja kwa kidole, kingine kitoe kwa nguvu zaidi. Njia ambayo hujaiona ikitoa bado haijasafishwa, hata ikiwa nje inang'aa. Kwa jeti yenyewe tumia uzi mmoja wa waya laini wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie keekee, usitumie sindano ya chuma. Chuma kinakwangua shaba na kulipanua tundu, na tundu la milimita 0.40 likipanuka kidogo tu limekuwa jeti nyingine.

Ukija kwenye kuvuja, mshukiwa wa kwanza ni valvu ya boya. Petroli inapoingia kwenye bakuli, boya linapanda na kusukuma sindano fupi inayoziba mlango. Takataka moja chini ya ncha yake, au ncha ya mpira iliyoliwa na kufanya mfereji, au boya lililopindishwa kidogo wakati wa kufunga, vinatosha kuuacha mlango wazi. Tikisa boya sikioni. Ukisikia majimaji ndani limetoboka, nalo haliogelei tena. Angalia ncha ya sindano kwa kioo cha kukuzia. Ukiona pete iliyochimbika kuizunguka, badilisha.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki. Rudisha boya na sindano yake, weka kipande cha mpira safi kwenye mlango wa petroli, igeuze kabureta kichwa chini miguu juu ili uzito wa boya ufunge mlango, kisha puliza kwa mdomo kwa upole. Hewa isipite hata kidogo. Igeuze iwe wima, puliza tena. Sasa ipite bila kizuizi. Ikifaulu majaribio yote mawili, una valvu isiyovuja, na umelijua hilo ukiwa mezani kabla ya kurudisha chochote. Kimo cha boya nacho hupimwa kwa milimita kama mwongozo wa pikipiki yako unavyoagiza. Lipime, usilikisie kwa jicho. Na kama valvu ni nzima lakini bado inadondoka, kagua gasketi ya bakuli, na yale mabakuli yenye kibomba cha kumwagia kilichosimama ndani, kwani kibomba hicho kikipasuka petroli hushuka nacho hata kama kimo chake ni sahihi.

Ukirudisha kabureta, usiache haraka ikuharibie kazi kwenye ule mpira unaoiunganisha na injini. Ukikaa upande, au ukiwa na ufa, hewa isiyopimwa huingia baada ya kabureta na utarudi kwenye dalili zilezile za mwanzo. Watu wengi hushauri kupulizia kitu kinachowaka pale injini ikinguruma na kusikiliza. Mimi sishauri, moto ni moto. Maji kwenye chupa ya kupulizia yanatosha: nyunyiza kidogo kuzunguka mpira, na kama mngurumo ukibadilika, hewa inapenya hapo.

Sasa marekebisho. Uliposema ulikaza skrubu ya sailensa mpaka ikaacha kuzima, ulifanya jambo linaloficha ugonjwa. Skrubu hiyo haiongezi petroli. Inainua kizibo, na kizibo kikiinuka, injini inaanza kula kwenye njia ya sindano hata ukiwa hujabonyeza. Injini inaishi, lakini jeti ya sailensa inabaki imelala. Kwa hiyo irudishe chini kwanza.

Kisha ile ndogo ya pembeni. Tazama iko upande gani. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, na ukiifungua unaongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na ukiifungua unapunguza petroli. Watu hupoteza siku nzima kwa kutojua tofauti hiyo. Anza na mzunguko mmoja na nusu au miwili kutoka mahali ilipogusa, isipokuwa mwongozo wako useme vingine. Pasha injini moto kabisa, ifungue na kuifunga robo robo mpaka upate mahali inaponguruma kwa kasi na utulivu zaidi, shusha skrubu ya sailensa, rudia mara moja. Ikiwa unazungusha ya pembeni na injini haijali kabisa, usiendelee kuhangaika nayo. Ina maana njia ile bado imeziba, au kizibo bado kiko juu mno.

Na kama umefanya yote haya kwa uaminifu na bado inadai choki? Hapo ndipo ninapokuomba uache kabureta. Niliwahi kuisafisha kabureta moja mara tatu, nikiwa na uhakika kabisa, wakati tatizo lilikuwa valvu za injini. Zikitumika sana, nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma hupungua mpaka valvu ya kuingizia haifungi sawasawa. Injini inapoteza mvuto kwenye mngurumo wa chini, inakuwa ngumu kuwaka, inadai choki, na kwenye kasi inajitahidi. Ukiisikiliza utaapa ni kabureta. Nafasi hiyo ni ndogo, mara nyingi sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, na hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu mwisho wa mgandamizo. Plagi nayo itakusaidia kuamua. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi, nyeupe kama chaki ni petroli chache au hewa inayopenya, iliyolowa petroli ni mafuta yasiyochomeka, iliyolowa oili ni ringi au valvu. Nawe ukiwa unaendesha na choki imevutwa, utaiona nyeusi hata kama ugonjwa ni upungufu, kwa hiyo usiisome kabla ya kupata mwendo wa kawaida bila choki.

Kuna dalili nyingine inayofanana na kabureta kwa mbali: injini inakwenda dakika chache, inadhoofika, inazima, halafu inawaka tena baada ya kupumzika. Si yako, lakini ikikutokea, fungua mfuniko wa tangi wakati inazima. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio, kitundu cha kupumulia cha mfuniko kimeziba.

Kuhusu kununua mpya. Kama mwili umepasuka, viguzo vya boya vimevunjika, kitundu cha skrubu kimepasuka au shaba imeliwa na kutu ya kijani mpaka jeti hazitoki, basi nunua, wala usijilaumu. Nje ya hapo, ningebaki na ya asili. Kabureta za kuiga zinafanana kwa sura, na baadhi hufanya kazi vizuri, lakini jeti na sindano zake mara nyingi hazilingani na zile ambazo injini yako ilitengenezewa, na unajikuta unalipia upya kazi ya kuzirekebisha. Ndivyo ilivyo hata kwa vile vifurushi vya vipuri vya kabureta. Chukua gasketi, oringi na valvu ya boya, lakini rudisha jeti zako za asili ulizosafisha, maadamu tundu ni zima. Njia nzuri ya katikati ni kumpelekea fundi mwenye mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, kabureta ikiwa imeshafunguliwa yote. Huingia kwenye vijia ambavyo hewa na dawa hazifiki.

Mpelekee fundi chombo chenyewe, usijaribu zaidi peke yako, kama oili inarudi kunuka petroli baada ya kuibadilisha, kama stata inakwama, kama unasikia kugonga ndani ya injini, kama ile oringi au skrubu imevunjikia ndani, au kama huna kipimo cha valvu na hujawahi kuzipima. Mwambie ulichofanya kwa mpangilio, pamoja na hesabu ya mizunguko uliyoandika. Na wakati unasubiri, usiendelee kuitumia kwa kuvuta choki muda wote. Petroli ya ziada huosha oili kwenye ukuta wa silinda, na ringi zinakwangua chuma kikavu.

Siku utakapoiwasha, weka petroli mpya, fungua koki na uiache dakika kumi bila kuwasha, huku umeweka kitambaa cheupe chini ya ule mpira. Kikibaki kikavu, washa. Endesha mwendo wa kawaida mpaka injini ipate moto, angalia utepe wako kwenye mpini, zima, toa plagi uisome. Asubuhi inayofuata chomoa tena kijiti cha oili kabla ya kugusa stata. Na kama utaiacha tena kwa zaidi ya mwezi mmoja, funga koki, legeza skrubu ya chini ya bakuli, na umwage petroli yote iliyo ndani ya kabureta kwenye chombo kinachofungika.